Tulizuia Shamba, Tukauza Udongo

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.T.), Mola anayeteremsha mvua na kuihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Wiki hii tunaomba kuzungumza nanyi juu ya samadi. Tunajua kuwa kurasa hizi za familia zimezoea kubeba mambo ya malezi, ndoa na mirathi, na huenda wapo watakaoona kuwa kinyesi cha ng'ombe hakistahiki kukaa jirani na mambo hayo. Tunawaomba subira. Tunayoyasimulia yanahusu wakfu wa Waislamu, posho ya mwalimu wa madrasa, na kosa ambalo aliyelitenda ni katibu wa kamati ya msikiti, yaani sisi tunaoandika mistari hii.

Shamba la Bibi

Msikiti wetu uko upande wa juu wa wilaya ya Rungwe, kule ambako barabara ya kutoka Tukuyu kwenda Mbeya hupanda kuelekea Isongole na Ntokela, viazi vikiwa vimejazwa kwenye ndoo na magunia kando ya lami, na Mlima Rungwe, wenye urefu unaokaribia mita 3,000, ukijifunika ukungu asubuhi na jioni. Udongo wetu umetokana na majivu ya volkano. Ni mweusi, mwepesi na laini. Mvua nayo haina choyo, kwani sehemu nyingi za wilaya hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Wageni wakifika hutuambia kuwa huku hata mpini wa jembe ukiuchomeka ardhini utachipua. Nasi, tuliozaliwa hapa, tuliyasadiki maneno hayo kuliko wao.

Katika ardhi hiyo msikiti wetu unasimamia ekari moja na nusu. Aliyeitoa ni bibi mmoja mjane, aliyekuwa akiuza ndizi sokoni. Alipoona siku zake zinakaribia, aliiita kamati ya wakati huo, akatamka mbele ya mashahidi kuwa shamba lake ni wakfu: mavuno yake yamlipe mwalimu wa madrasa, na kitakachobaki kiwanunulie watoto vitabu. Hakuweka sharti jingine. Allah amrehemu na amnurishie kaburi lake.

Asili ya jambo hili inajulikana. Sayyidna Umar ibn al-Khattab (r.a.) alipata ardhi huko Khaybar, ardhi ambayo hakuwahi kupata mali aliyoithamini kuliko hiyo. Akamwendea Mtume (s.a.w.) kumtaka ushauri, naye akamwelekeza kuizuia asili yake na kuyatoa sadaka matunda yake. Umar akaiweka wakfu: isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe. Basi wakfu umesimama juu ya nguzo mbili, asili inayozuiwa na matunda yanayotolewa. Msimamizi akiyala matunda kwa wema hana lawama. Akiigusa asili amehini.

Hayo tuliyasoma chuoni, tukafanyiwa mtihani, tukafaulu. Jambo ambalo mtihani haukutuuliza ni hili: asili ya shamba ni nini? Je, ni mipaka yake?

Misimu minne ya viazi

Kwa miaka mingi shamba hilo lililimwa chini ya uangalizi wa mzee mmoja wa kamati. Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Viazi vikivunwa, msimu unaofuata alipanda maharage. Baada ya maharage, mahindi. Baada ya mahindi, njegere. Ndipo akarudi kwenye viazi. Samadi ilitoka kwenye banda la ng'ombe wake wawili, nayo alikuwa akiipeleka shambani kwa mkokoteni. Mavuno hayakuwa ya kujisifia. Zamu ya viazi ilipofika alitoa magunia thelathini na kitu, na misimu mingine ilileta debe chache za maharage na mahindi yasiyozidi mahitaji. Mwalimu alilipwa, lakini vitabu vilinunuliwa kwa nadra.

Tulipochaguliwa kuwa katibu tulikuwa tumetoka chuoni miaka michache tu, tukiwa na daftari la mahesabu na hamu ya kulionesha. Malori ya Dar es Salaam yalikuwa yakipakia viazi usiku na mchana. Katika msimu wa 2022/2023 Serikali ilianza kutoa ruzuku ya mbolea, baada ya bei yake kupanda mno duniani kote, nasi tukajiandikisha kama wakulima wengine. Tukasimama mbele ya kamati na kutoa hoja. Tulisema kuwa maharage na njegere vinautia wakfu umaskini. Kwamba tupande viazi kila msimu, tutumie DAP wakati wa kupanda na UREA wakati wa kukuzia. Na kwamba kazi ya kubeba samadi ni ya kuwachosha wazee bila sababu. Mzee alituuliza swali moja tu: "Katibu, mwanangu, na shamba litapumzika lini?" Tukamjibu kwa adabu, lakini kwa tabasamu ambalo leo linatuumiza, kwamba mbolea ya dukani ndiyo mapumziko yake.

Msimu wa kwanza tulivuna magunia 58. Ndugu zetu, hakuna fitina iliyo nzito kwa mtu mwenye kosa kama kufanikiwa mara ya kwanza. Mwalimu alilipwa miezi yake yote, vitabu vikanunuliwa, na mzee akatupongeza kwa moyo safi. Msimu wa pili tulipata magunia 51, tukasema ni mvua. Msimu wa tatu yakawa 36, tukasema ni mbegu, tukaongeza mfuko wa mbolea. Msimu wa nne tulivuna magunia 17, na baadhi yake yalianza kutoa harufu kabla ya lori kufika.

Tulikuwa tumeona dalili mapema, ila hatukuzijua. Mashina yalisinyaa mchana kana kwamba yana kiu, hali udongo ulikuwa umelowa na majani bado ni ya kijani. Kiazi ukikikata, ndani kilikuwa na duara la kahawia, na kwenye macho yake ulitoka ute ulioshika udongo. Afisa ugani alipokuja hakusema mengi. Alikata kipande cha shina, akakitumbukiza ncha yake kwenye glasi ya maji safi, akatuambia tutazame. Baada ya muda mfupi uzi mweupe kama maziwa ulianza kushuka kutoka kwenye shina. "Mnyauko bakteria," akasema. "Huyu anakaa kwenye udongo, na nyinyi mmemletea chakula misimu minne mfululizo." Tena mbegu tulizokuwa tukipanda zilikuwa ni viazi vyetu wenyewe vidogo vidogo vilivyobaki, kwa hiyo tulikuwa tukiupanda ugonjwa kwa mikono yetu.

Miezi mitatu mwalimu wa madrasa hakupata posho. Hakulalamika. Watoto waliendelea kusoma, sauti zao zikisikika hadi barabarani. Siku moja alitufuata baada ya swala ya Alasiri, tukajiandaa kwa maneno ya kumwomba radhi. Alichotuomba ni chaki. Baadaye tulikuja kujua kutoka kwa mwenye duka kuwa mke wake alikuwa akikopa sukari na sabuni, na kwamba nyumbani kwao walikuwa wameanza kuzungumza juu ya kuhamia Mbeya mjini.

Hesabu tusiyoiandika

Kamati ilikaa. Hakuna aliyetutukana, na hilo lilikuwa gumu kulivumilia kuliko matusi. Mzee alisubiri hadi wote walipokwisha kusema, kisha akasema: "Katibu, mwanangu, Bibi alituachia shamba lenye udongo ndani yake. Kesho mbele ya Allah tukikutana naye, tutamwonesha mipaka?"

Tulirudi nyumbani tukalifungua lile daftari. Safari hii tuliongeza ukurasa ambao hatukuwahi kuuandika: kilichotoka shambani na kilichorudi. Tani moja ya viazi inapoondoka huchukua kutoka ardhini takriban kilo 3 za naitrojeni, na potasiamu kilo 4 hadi 5. Magunia yetu 162, tukiyahesabu kwa kilo 100 kila moja (nasi sote tunaijua lumbesa, kwa hiyo ni zaidi), ni tani 16. Maana yake tuliipakia kwenye malori potasiamu inayozidi kilo 60. Je, tulirudisha kiasi gani? DAP ina naitrojeni na fosforasi. UREA ina naitrojeni peke yake. Potasiamu hatukurudisha hata gramu moja. Ilikuwa kwenye akiba ya ardhi, tukaitoa kidogo kidogo, tukaiita faida.

Tulipeleka sampuli za udongo kupimwa Uyole, na majibu yalisema mambo mawili: uchachu umezidi, na mboji imepungua. La kwanza lina sababu zake. Mvua nyingi kama yetu husomba chokaa ya asili na kuiacha ardhi ikiwa chachu, na mbolea kama UREA na DAP zikitumiwa mfululizo huongeza uchachu huo. La pili linagusa uhai wenyewe wa udongo. Mboji ndiyo inayoshika maji wakati wa kiangazi, ndiyo inayozuia virutubisho visisombwe na mvua, na ndiyo makazi ya viumbe wadogo wanaoilisha mimea. Udongo wa volkano una tabia nyingine: huikamata fosforasi na kuing'ang'ania, kiasi kwamba mkulima hutia DAP na mmea usipate sehemu kubwa yake. Samadi hulegeza mshiko huo. Kwa hiyo tulipoiacha samadi tuliyapoteza mambo mawili kwa mkupuo: mboji iliyokuwa ikiliwa, na fedha ya DAP iliyokuwa ikifungiwa ardhini.

Hapo ndipo tulipoelewa maana ya swali la mzee. Tulikuwa tumeizuia mipaka ya shamba barabara, hakuna aliyesogeza jiwe hata hatua moja. Lakini asili yenyewe ilikuwa imeshuka mlima ndani ya magunia.

Samadi peke yake?

Kama ilivyo kawaida ya wanadamu, baada ya kupinda upande mmoja baadhi yetu walitaka tupinde upande wa pili. Kijana mmoja wa kamati alisema kwa ukali kuwa mbolea za chumvichumvi ni sumu, na kwamba tuape kutozigusa tena. Kauli hiyo ilitupendeza kwa sababu ilitupa wa kumlaumu. Lakini tulikuwa tumejifunza kupiga hesabu kabla ya kusema, tukaipiga.

Mfuko mmoja wa UREA wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Ng'ombe mmoja wa maziwa aliyefungiwa bandani anaweza kutoa kinyesi kibichi cha takriban kilo 20 kwa siku, yaani kama tani 7 kwa mwaka, na katika kila tani mna naitrojeni ya kilo 5 hivi. Hivyo ng'ombe mmoja, kwa mwaka mzima, hutoa sawa na mfuko mmoja na nusu wa UREA. Hiyo ni kama hakikupotea kitu. Lakini samadi inayorundikwa nje bila paa, kwa mvua ya Rungwe, huacha sehemu kubwa ya nguvu yake mtaroni. Na hata iliyotunzwa vizuri hutoa sehemu tu ya chakula chake msimu wa kwanza, kilichobaki kikija polepole misimu ya baadaye. Mahindi yanapofika magotini hayasubiri misimu ya baadaye.

Zaidi ya hayo, samadi haiumbi rutuba, inaihamisha. Majani anayokula ng'ombe yamekatwa kwenye ardhi fulani, na kinyesi chake mara nyingi kinaishia kwenye migomba iliyo karibu na nyumba. Kila aliyekulia Rungwe anaijua picha hiyo: migomba ya uani imenenepa, na shamba la mbali limekonda. Kama majani yametoka kwenye ardhi iliyochoka, samadi yake nayo itakuwa imechoka.

Wenye elimu ya jambo hili wamelipima kwa muda mrefu. Huko Uingereza, mahali paitwapo Rothamsted, kuna shamba la ngano la Broadbalk ambalo limekuwa likifanyiwa majaribio tangu 1843. Kipande kimoja hupewa samadi kila mwaka, vingine hupewa mbolea za viwandani, na kimoja hakipewi kitu. Ardhi iliyopewa samadi ina mboji zaidi ya mara mbili ya ile iliyonyimwa. Na kwa mbegu za siku hizi, mavuno makubwa kabisa hupatikana pale samadi inapoongezewa naitrojeni ya kiwandani. Tangu 1968 wamekuwa pia wakilinganisha ngano inayopandwa mfululizo na ile iliyo kwenye mzunguko wa mazao, na ile ya mzunguko huzaa vizuri zaidi, kwa kuwa ugonjwa wa mizizi haupati makazi ya kudumu. Hata hapa kwetu Tanzania yupo aliyeiona hekima ya kuchanganya: kiwanda cha mbolea cha Itracom kilichojengwa Nala, Dodoma, hutengeneza mbolea inayounganisha samadi na madini ndani ya punje moja.

Kwa hiyo kamati iliafikiana kuwa samadi na mbolea ya dukani si maadui. Samadi huilinda asili. Mbolea ya dukani hukamilisha matunda kwa wakati wake. Na mzunguko wa mazao huwazuia maadui wasijenge nyumba ya kudumu shambani. Ukiondoa kimoja, viwili vilivyobaki hubeba mzigo usio wao.

Sadaka ya samadi

Lilibaki suala la kuipata samadi, na hapa liliibuka swali ambalo wasomaji wa gazeti hili wangetuuliza kama tusingejiuliza wenyewe: je, inajuzu kutumia najisi kwenye shamba la wakfu wa msikiti? Tulimwendea imamu wetu, akatufungulia vitabu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kinyesi cha mnyama ni najisi hata kama nyama yake ni halali. Lakini kukitumia kurutubisha ardhi kumeruhusiwa, na mazao yanayoota humo ni safi. Kilichozuiwa ni kukiuza kama bidhaa, na wanavyuoni wa madhehebu hayo wameonesha njia ya mwenye nacho kuiachia haki yake na kupokea kitu kwa kuiachia huko. Wahanafi wameruhusu kuuzwa kwake. Wamaliki na Wahanbali wao wanaona kinyesi cha mnyama anayeliwa kuwa ni safi. Imepokewa pia kuwa Sa'd ibn Abi Waqqas (r.a.), mmoja wa masahaba waliobashiriwa Pepo, alikuwa akibeba mbolea ya kinyesi kuipeleka kwenye ardhi yake. Na katika karne ya 12, Ibn al-Awwam wa Seville, Andalusia, aliandika kitabu kikubwa cha kilimo ambamo aliipa samadi mlango wake, aina zake na namna ya kuiivisha. Tulisikia haya kutokana na kisanga cha viazi. Afadhali tungeyasikia kabla.

Utata wa kuuza na kununua ulimalizwa na akina mama. Mmoja wao alisimama siku ya kikao cha wazazi wa madrasa, akasema: "Kila nyumba hapa ina ng'ombe, mbuzi au kuku. Kila mtoto anayesoma kwa mwalimu huyu, nyumba yake ilete debe moja la samadi kila wiki, tena bure. Mtu akiona aibu kubeba debe, asione aibu mwalimu akihama." Wanaume walicheka, kisha wakanyamaza. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi asubuhi, madebe yamekuwa yakiingia shambani, mengine kwa baiskeli, mengine kichwani. Watoto wameipa jina, sadaka ya samadi. Jirani yetu Mkristo, aliyesikia habari hiyo, alikuja na ukarimu wake kutupa rundo zima la banda lake. Sehemu ya rundo ilikuwa ya nguruwe. Tulimweleza kwa upole, naye akacheka akasema angejua angetenganisha. Siku mbili baadaye akaleta ya ng'ombe peke yake, mkokoteni mzima. Allah amlipe kwa ujirani wake.

Samadi hiyo hatuirundiki juani wala mvuani. Tumechimba shimo pana la kina kifupi, tukaliezeka kwa majani ya migomba juu ya miti minne. Tunapanga tabaka la samadi, tabaka la majani makavu na mabua ya mahindi, tunageuza kila baada ya wiki tatu, na baada ya miezi mitatu hivi inakuwa nyeusi, haina joto na hainuki. Mbichi huunguza mche na huleta magugu. Wenye ng'ombe tunawasihi watandike majani bandani ili mkojo unyonywe, kwa kuwa sehemu kubwa ya naitrojeni na potasiamu ya mnyama iko kwenye mkojo, nao ndio tunaouacha upotee.

Shambani utaratibu wetu sasa ni huu. Tuling'oa viazi vyote vya maotea, hata vile vilivyochipua peke yake kando ya njia, kwani kiazi kimoja cha maotea huuhifadhi mnyauko hadi msimu ujao. Tulitia chokaa ya kilimo kwa kiasi tulichoelekezwa, tukaacha muda upite kabla ya kutia mbolea, kwa maana UREA ikikutana na chokaa au majivu naitrojeni yake hupaa hewani. Msimu wa kwanza tulipanda maharage, ambayo kwa rehema ya Allah hupata sehemu ya naitrojeni yao kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi. Msimu wa pili tulipanda mahindi. Katika kila shimo tulitia samadi iliyoiva, tukafukia kidogo, ndipo DAP kidogo, udongo tena, kisha mbegu, ili mbegu isiguse mbolea ikaungua. Mahindi yalipofika magotini tulitia UREA, tukaifukia ardhini ikiwa na unyevu. Mifuko tuliyotumia ni michache kuliko ile ya enzi za viazi. Msimu wa tatu tulipanda njegere, kama alivyokuwa akipanda mzee.

Kilichobaki

Msitarajie tuwaambie kuwa magunia 58 yamerudi. Hayajarudi. Maharage yalikuwa ya wastani. Mahindi yalitushangaza kwa ukubwa wa mashuke yake, nasi tuliyauza kwa bei nzuri. Posho ya mwalimu ilikamilishwa kwa michango ya Ijumaa katika miezi ambayo shamba halikutosha, na deni la miezi mitatu lilimalizwa kulipwa baada ya mavuno ya mahindi. Hakuhama. Mke wake ndiye anayeandika idadi ya madebe siku ya Jumamosi, na tunakiri kuwa daftari lake ni safi kuliko letu.

Sasa zamu ya viazi imekaribia. Kamati imegawanyika, wapo wanaotaka vipandwe shamba zima, na wapo wanaoogopa kuwa adui bado yumo ardhini. Sisi, tuliokuwa wa kwanza kupiga hesabu zamani, tumeomba tuwe wa mwisho kusema. Mzee ndiye aliyekata shauri. Alikwenda shambani baada ya Alfajiri, akachota udongo kwa mkono, akaufinya, akaufungua mkono wake. Udongo haukumwagika kama vumbi, ulikaa kama mkate, kisha ukapasuka taratibu. Mlikuwa na nyungunyungu ndani yake. "Nusu shamba," akasema, "na mbegu safi, ya kununua. Nusu nyingine tumwachie Bibi."

Ndugu wasomaji, wengi wenu hamna shamba la wakfu, lakini mna shamba la familia mlilorithi au mtakalolirithisha. Baba anayewaachia wanawe ekari tano zilizonyonywa, na hati safi yenye mihuri, amewaachia karatasi. Tuwafundishe watoto wetu kuhesabu kinachotoka na kinachorudi, tuwabebeshe debe la samadi bila ya kuona haya, na tusimnyime mkulima mfuko wa mbolea pale anapouhitaji kwa kipimo. Qur'ani tukufu katika Suratul A'raf imetupigia mfano wa ardhi njema na ardhi mbovu na mimea ya kila moja. Tulizoea kuusoma mfano huo kama sifa ya nyoyo peke yake. Siku hizi, tunapopita shamba la Bibi, tunausoma pia kama swali tutakaloulizwa.

Ewe Mola wetu, tusamehe tulichokiharibu kwa ujinga wetu, mrehemu aliyetoa shamba hili, mpe afya mwalimu wa watoto wetu, na utujaalie tuwe wasimamizi waaminifu wa asili kabla ya kuwa wavunaji wa matunda. Amin.

Wabillahi tawfiq.